Pedi mpya za breki, mteremko wa Kitonga, na mama siti ya nyuma

"Baba, hii gari mbona kama haitaki kusimama?"

Mama aliuliza hivo tu, kwa upole kabisa, kikapu mapajani, na mi mbele nimekandamiza breki mpaka goti linauma. Tulikuwa katikati ya Kitonga tunashuka, tunatoka Iringa tunarudi Dar, mbele yetu semi ya mbao inatambaa kama kinyonga. Kilichonichanganya ni kwamba pedeli haikuzama, ilikuwa ngumu kama kawaida, ila gari yenyewe inazidi kuteleza tu. Nikatupa gia kwenye 2, afu L, injini ikapiga kelele mpaka mama akaanza sala, lakini gari ikatulia. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, nikajua hiyo ni ya semi. Kumbe ni yangu.

Na pedi zilikuwa mpya jamani! Alhamisi jioni fundi kazifunga, Ijumaa alfajiri nikaondoka, Jumapili ndo hiyo nashuka.

Tulipofika Ruaha Mbuyuni mama akataka vitunguu, si unajua pale huwezi kupita mkono mtupu, nikasimama pembeni injini inawaka, gia iko D, mguu kwenye breki, mama anabishana bei na kijana dirishani kama dakika tano hivi. Kumbukeni hizo dakika tano. Kuanzia hapo kila nikigusa breki nikiwa kwenye 80 usukani unatetemeka kama nimeshika mashine ya kusaga. Mpaka Dar.

Jumatatu nikaenda kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani na hasira zangu. Nikamwambia muuza spea kaniuzia feki, akaniapia kwa watoto wake, tukarushiana maneno mbele ya wateja, nikaondoka nimejiona mshindi. Leo naandika hapa nikiri kwamba zile pedi hazikuwa feki. Zilikuwa za kawaida tu, za shilingi 30,000, ambazo mimi na fundi wangu tuliziua kwa haraka zetu, bila kuzizoesha kwanza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa gereji huku Tabata, anafanya breki tu, injini hagusi. Akafungua tairi, akaniita, "Njoo uone mwenyewe." Kwenye diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ukikanyaga breki, kulikuwa na alama nyeusi yenye umbo la pedi kabisa, kingo zake zinaonekana, utasema mtu kapiga muhuri. Akaniuliza, "Ulisimama wapi breki ikiwa ya moto?" Nikakumbuka vitunguu.

Maelezo yake ni haya, na nimeshayafuatilia sana toka siku ile. Pedi ni mchanganyiko wa vitu vingi vilivyoshikwa na gundi. Ikiwa mpya ikapata moto mkali kwa mara ya kwanza, ile gundi inatoa gesi, na gesi inakaa katikati ya pedi na diski, kwa hiyo pedeli unaikuta ngumu, unakanyaga vizuri, ila pedi inateleza juu ya gesi. Ndo Kitonga yangu hiyo. Ingekuwa pedeli inazama mpaka chini ningesema mafuta ya breki yamechemka, hilo ni tatizo lingine kabisa (mafuta ya breki aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inashuka mpaka 140, kwa hiyo kama hujawahi kubadilisha mafuta tangu gari itoke Japan, fikiria hilo). Kutoka Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500 lakini breki nilikuwa nagusa tu kwenye matuta, na kupanda Kitonga hakuhitaji breki, kwa hiyo pedi hazikuwahi kupata moto wa maana mpaka siku ya kushuka.

Na kule kutetemeka, mafundi wengi watakwambia "diski imepinda". Mzee anasema mara nyingi haijapinda chochote, ni pedi imeacha utando wake mahali pamoja kwa sababu uliibana kwenye diski ya moto ukiwa umesimama. Sehemu ile inakamata kuliko nyingine, ndo mtetemeko unaanzia hapo. Diski zangu zilikuwa bado nene, maana pembeni huwa wameandika MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, na namba, unapima unalinganisha, basi akazikereza kidogo, pedi za zamani zikavuliwa.

Safari hii nikanunua kwa akili. Mi natumia Toyota IST, mbele diski nyuma dramu, na kitu cha kwanza nilichojifunza ni kubeba namba ya chesisi na pedi ya zamani mfukoni, usiende kusema tu "nipe za IST". Za Toyota zenyewe pedi za mbele namba yake inaanza na 04465, za nyuma 04466, ukiona boksi limeandikwa mbele na namba ni 04466 hapo kuna mtu kachanganya au anakuchanganya. Ila boksi lisikutishe, boksi linachapishwa hata na jirani yako. Geuza pedi yenyewe, angalia ubavuni. Kuna herufi mbili zimechapwa, EE, FF, GG, hizo ni kiwango cha kukamata, ya kwanza breki ikiwa kwenye joto la kawaida na ya pili ikiwa ya moto sana. E ni 0.25 mpaka 0.35, F ni 0.35 mpaka 0.45, G inapanda mpaka 0.55. Kwa gari ya mtaani FF inatosha kabisa. Ukikuta FE maana yake ikipata moto inalegea, na mtu wa kushuka Kitonga hilo halihitaji mjadala. Nyingine zina E na namba ndani ya duara pamoja na 90R, hizo zimepimwa kwa kanuni ya Ulaya zikalinganishwa na za kiwandani.

Muuzaji (wa duka lingine, yule wa kwanza bado namuonea aibu) akaniwekea mezani aina mbili. "Bosi, hii seramiki, hii ya chuma chuma." Za seramiki hazipigi kelele na hazijazi vumbi jeusi kwenye rimu, ila bei imesimama. Zenye chuma zinavumilia moto vizuri, ila zinalia asubuhi na zinakula diski. Kusema kweli kwa foleni za Dar nilizitamani za seramiki, ila Iringa naenda kila miezi miwili, nikachukua za chuma, 55,000. Kelele nimezizoea. Nilichungulia pia kama bamba la nyuma limenyooka, kama nyama ya pedi haina nyufa pale ilipogandishwa, na kama vile vibati vyembamba vya mgongoni vimo kwenye boksi.

Kufunga sitasema mengi. Mzee alivua pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, akazisafisha na kuzipaka grisi yake ya silikoni, maana ya kawaida inavimbisha raba, akafuta diski mpaka kitambaa kikatoka cheupe, na akanikataza kushika uso wa pedi kwa vidole vyangu vya chipsi. Kijana wake ndo alitaka kutuua. Kaingia kwenye gari, kawasha, katia rivasi kabla ya kupampu pedeli! Ukirudisha pistoni ya kalipa ndani ili pedi mpya ziingie, mkanyago wa kwanza unazama wote, hamna breki hapo. Gari ikarudi taratibu mpaka kwenye rundo la matairi ikasimama. Mzee hakusema kitu, alimwangalia tu, na yule kijana nadhani angependa kupigwa kuliko kuangaliwa vile.

Sasa kuzizoesha. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya Bagamoyo, nimeshapita Bunju, hamna mtu nyuma yangu. Unatembea 50, unakanyaga breki kwa nguvu ya wastani, gari ishuke mpaka kama 10, USISIMAME, unaachia, unaongeza mwendo taratibu tena, unaipa diski kama nusu dakika ipumue, unarudia. Mara ya kwanza na ya pili nilihisi breki kama za mbao. Kufika ya tano ikaanza harufu, ile ile ya Kitonga, nikataka kuacha, ila mzee alishaniambia harufu itakuja na hata moshi kidogo usishangae. Kwenye ya nane nikasikia tofauti kwa mguu kabisa, nakanyaga kidogo gari inaitika. Nikapiga kumi. Pale Mapinga bodaboda mmoja aliyekuwa amekaa kijiweni akaniuliza kama gari imekorofisha, nikamwambia nazizoesha breki, akanitazama kama nimemwambia nafundisha kuku kusoma.

Baada ya hapo ni kilomita kumi hivi bila kugusa breki isipokuwa lazima, upepo upoze. Taa nyekundu ikikukamata usikae na mguu kwenye pedeli, weka N uvute handibreki, kwa IST yangu handibreki inashika dramu za nyuma kwa hiyo diski za mbele haziguswi. Na usipitilize kuosha gari! Vijana wa kuosha hawana habari, wanamwaga maji ya baridi kwenye rimu ya moto, diski inasema chwaaa. Nikapaki nyumbani nikasubiri mpaka mchana. Nilipochungulia kupitia rimu, diski yote ilikuwa na rangi moja ya kijivu iliyofifia, hamna muhuri.

Toka siku hiyo nimetembea kama kilomita 14,000, Kitonga nimeshuka mara nne, nashukia gia 2 tangu juu kabisa, na vitunguu tunanunua gari ikiwa P na mguu uko chini. Mama safari ya mwisho alilala kuanzia Ilula akaamkia Mikumi. Mwezi uliopita nilivua tairi nikapima, nyama imebaki milimita 7, bado sana mpaka kile kichuma kinachopiga kelele pedi ikiisha kiguse diski.

Brekishuu za nyuma sijazigusa. Dramu ya kushoto imeganda, haitaki kutoka, mzee kasema nimletee Jumamosi.