Duara Tupu Kwenye Kisahani

Mwaka huu mwanangu ameugua mafindofindo mara tatu, na kila mara alimeza penisilini kwa siku zote 10 bila kuruka hata dozi moja. Majirani zangu hapa Arua, Uganda, walihukumu upesi kwamba vijidudu vimekuwa sugu na kwamba nibadilishe dawa. Nami nilikuwa nimekwisha kuwakubalia, mpaka mtaalamu wa maabara aliponiita nikitazame kisahani alichooteshea vijidudu kutoka kooni mwa mwanangu.

Juu ya agari, yaani rojo la kuoteshea vijidudu, nyekundu kwa damu ya kondoo, palikuwa na kipande cha karatasi chenye penisilini, si kikubwa kuliko kitufe cha shati, na pande zake zote duara tupu, kama uwanja uliofagiliwa alfajiri. "Mama Zainabu, dawa inafanya kazi," alisema. Hakukosea, kwani Streptococcus pyogenes, bakteria wa mafindofindo, mpaka leo hajajenga usugu kamili dhidi ya penisilini, ingawa dawa hiyo imetumika tangu miaka ya 1940.

Lakini usugu si ustahimilivu. Bakteria sugu huendelea kuzaana dawa ikiwapo, ilhali mstahimilivu haongezeki wala hafi upesi. Penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, hivyo anayesitisha ujenzi huponyoka, na dawa ikishaisha mwilini huanza tena. Duara lile lilionyesha mahali ambapo bakteria hawakukua, wala halikuthibitisha kwamba wote wamekufa. Watafiti wengine huondoa karatasi ya dawa, huweka ya glukosi, yaani sukari ya kuwalisha bakteria, mahali pake, kisha husubiri; kama wastahimilivu wapo, makoloni, yaani vikundi vya bakteria, huchipuka ndani ya duara lilelile.

Sidai kwamba ndicho kilichompata mwanangu. Watoto huambukizana upya darasani, na huenda alibeba bakteria hao kooni tu huku kilichomuumiza kikiwa kirusi. Hata hivyo, kubadilisha dawa kwa kukisia (kliniki moja ilitaka kumpa azithromaisini, antibiotiki nyingine, bila kipimo chochote) kungetuondoa kwenye dawa tunayoihitaji sana. Maambukizi ya koo ya bakteria hawa yanaweza kufuatwa na homa ya baridi yabisi, inayoharibu moyo. Katika utafiti wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2021, watoto 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa wa moyo utokanao na homa hiyo walifuatiliwa kwa miaka miwili: hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Kwa hiyo sijabadilisha. Tumekubaliana kwamba atapimwa koo tena akiwa mzima, tujue kama bakteria bado wamo.