Huyu ni mkizi au mwatiko?

Yaani hapa Malindi watu wakiona visamaki vyeupe vinang'aa kule mlangoni mwa mto Sabaki wanasema mkizi, basi, yameisha. Ngoja kwanza. Angalia mgongo: mkizi ana mapezi mawili, la mbele lina miba minne, na kichwa chake kipana kimebonyea juu, lakini mwatiko ana pezi moja tu la mgongoni halafu mkia umeachana kama mkasi na mdomoni hana hata jino moja. Akiwa kifaranga wa sentimita moja hivi mwili unapitisha mwanga, unaona macho mawili na kinukta tumboni, ndo hao wanaotafutwa na wafugaji wa mabwawa.

Safari ya mwatiko sasa ndo inanimaliza, maana hazaliwi hapa. Mama hutaga baharini usiku, mayai mamilioni, wiki mbili tatu baadaye watoto wanaingia na maji yakijaa mpaka mikokoni, wanakula mwani wa kwenye tope, maji baridi maji chumvi kwao sawa tu, wakikua wanarudi zao baharini, na hawazai mpaka wafike miaka kama 5. Mkizi naye hutaga baharini vilevile, ndo maana unawakuta wamechanganyika kwenye kimia kimoja.