Namna Nilivyochagua Redio za CB, Moja ya Lori na Nyingine ya Nyumbani

Kabla ya kuhamia Iowa nilikuwa dereva wa trela kati ya Mombasa na Malaba, ambako tulionyana hatari kwa kumulikiana taa na kupigiana simu. Nilipoanza kuendesha lori katika barabara ya Interstate 80, inayopita Iowa, Nebraska na Wyoming, niliamini kwamba simu ingenitosha. Msimu wa kwanza wa theluji ulinionyesha vingine. Kati ya Laramie na Rawlins, ambako upepo huweza kulilaza trela tupu, nilikwama saa kadhaa nyuma ya ajali bila kujua kilichokuwa mbele, ilhali dereva aliyesimama kando yangu alikuwa amekwisha kusikia habari zote kwenye chaneli 19 ya redio yake ya CB (Citizens Band, redio ya watu wa kawaida ya kuzungumza kwa umbali mfupi), ambayo madereva wa malori hukutana hewani, kabla hatujaifikia foleni. Hapo niliamua kununua redio ya CB, na kwa kuwa nilitaka mke wangu anisikie ninapokaribia nyumbani, nikaamua kununua mbili.

Nilianza na sheria, na ninafurahi kwamba nilifanya hivyo. Marekani haidai leseni kwa mtumiaji wa CB. Chaneli ni 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, na chaneli 9 ni ya dharura. Nguvu inayoruhusiwa ni wati 4 kwa AM, njia ya kawaida ya kutuma sauti, au wati 12 kwa SSB, njia nyingine inayotuma upande mmoja tu wa wimbi. Maana yake ni kwamba redio ya bei kubwa haina ruhusa ya kupaza sauti kuliko ya bei ndogo. Nilishauriwa kuongeza kifaa cha kukuza nguvu, nikakataa, kwa sababu kimepigwa marufuku na pia huwaharibia wengine mawasiliano. Fedha niliyookoa niliielekeza kwenye antena, na mpaka leo naona ulikuwa uamuzi bora kuliko yote niliyofanya.

Redio yenyewe haikunichukua muda. Nilichagua Cobra 29 LTD Classic kwa sababu vitufe vyake ni vikubwa vya kutosha kuzungushwa huku macho yako barabarani, na ina mita ya kupimia antena, yaani kuonyesha nguvu inayorudi badala ya kwenda hewani (kipimo kinavyokaribia 1 ndivyo bora). SSB niliiacha, kwani haifai kitu ikiwa anayekujibu hana. Nyumbani nilinunua ya aina hiyohiyo, ili mke wangu nami tujifunze vitufe vilevile na ili moja ikiharibika nyingine iwe akiba. Malori mengi niliyoyaendesha Mombasa yalitumia volti 24, lakini haya ya Marekani yanatumia volti 12, ambazo ndizo redio hizi zinahitaji. Niliuvuta waya wa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikauwekea fyuzi.

Kazi ngumu ilikuwa antena. Wimbi la CB lina urefu wa takriban mita 11, na robo yake, ambayo ndiyo antena kamili, inakaribia mita 2.7, urefu usiowezekana juu ya lori linalopita chini ya madaraja. Nikachukua antena ya faibaglasi ya mita 1.2, iliyozungushiwa waya ndani, nikaifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni ili sehemu yake kubwa ivuke paa la kabini. Nilipopima, mita ilisoma zaidi ya 3, kiwango ambacho nguvu nyingi hurudi redioni na huweza kuiunguza, kwa hiyo sikubonyeza tena kipaza sauti. Nilipoteza Jumamosi nzima nikiishuku antena, kumbe mkono wa kioo ulikuwa na rangi na vikalio vya plastiki, haukuwa na athi, yaani haukuungana na chuma cha lori, hata kidogo. Nilikwangua rangi, nikaunganisha mkanda mpana wa shaba hadi kwenye fremu, na kipimo kikashuka hadi 1.8. Kwa kuwa chaneli 40 ilisoma juu kuliko chaneli 1, nilijua antena ni ndefu kupita kiasi; nikaipunguza kidogo kidogo kwa skurubu ya kileleni hadi nikapata 1.4.

Nyumbani nilihitaji kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 13.8, kebo nene kwa sababu ya umbali, na antena ya kusimama ya takriban mita 5.4. Sheria inaruhusu ncha yake isizidi mita 18.3 kutoka ardhini, au mita 6.1 juu ya jengo lililoibeba. Kilichonihangaisha zaidi ni nyaya za umeme za mtaani: nilichagua mahali ambapo mlingoti, hata ukianguka wote, hautazigusa, kwa maana watu wamekufa kwa kosa hilo. Nilichimbia pia fimbo ya athi kwa ajili ya radi, na siku za mawingu mazito huichomoa kebo kabisa na kuiacha mbali na redio.

Jioni ya kwanza niliporudi kutoka magharibi, nilimwita mke wangu nikiwa napita mji wa De Soto, hapa Iowa. Mara ya kwanza nilisikia mkoromo tu. Nilipofika juu ya kilima kilichofuata nikamwita tena, na sauti yake ikaja wazi akiniuliza kama nimeshakula.