Kumfuga mjusi wa madoa kwenye baridi ya Leicester, Uingereza

Mjusi huyu tuliachiwa na jirani aliyekuwa anahamia nchi nyingine. Mwanangu alishamkubalia kabla hata ya kuniuliza, nami nikaona haya kumrudisha mtu aliyesimama mlangoni na tangi la kioo mikononi. Waingereza humwita lepadi geko. Sisi nyumbani tunamwita Chui, maana ni wa manjano, mwenye madoa meusi mwili mzima.

Mama yangu yuko Tanga, tukamwonesha kwa simu. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mjusi kafiri ndiye mnayemlipia umeme?" Nikajaribu kumweleza kwamba huyu si wale wa ukutani kwetu. Asili yake ni nchi kavu za mawe huko Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Vidole vyake havinati, kwa hiyo hapandi kioo wala dari, na ana kope: akilala hufumba macho, wakati mjusi kafiri hukodoa usiku kucha. Mama alisikiliza yote, akasema haya, ila asisogezwe karibu na vyombo vya kupikia. Hapo hana kosa. Wanyama wa jamii hii hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa, na kunawa kwa sabuni baada ya kumshika ni amri nyumbani kwangu, hata kwa wageni.

Nilidhani kazi itakuwa chakula, kumbe kazi ni joto. Mwili wa mjusi hautengenezi joto lake wenyewe, na akila huku amepoa, chakula hakisagiki. Sasa fikiria Leicester mwezi wa Januari, hita zikizimwa usiku. Tangi linatakiwa liwe na pande mbili: upande wa moto ambao sakafu yake inafika kama nyuzi 32, na upande wa baridi wa 24 au 25, yeye achague mwenyewe pa kulala. Jirani alikuwa na mkeka wa joto unaolazwa chini ya tangi, umechomekwa moja kwa moja kwenye umeme. Cha kwanza nilichonunua ni themostati, yaani kidhibiti joto, kwa sababu mkeka usio nayo unaweza kupanda hadi ukamuunguza tumbo. Cha pili ni kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola. Vile vya kubandika vinakupa joto la kioo, na mjusi halali kwenye kioo, analala chini. Nyuma na ubavuni nikaweka vipande vya stairofomu ili joto lisivuje ovyo, na huo ndio ulikuwa mwisho wa kuamka usiku kwenda kumpima. Nyuzi zikishuka hadi 20 usiku hana neno. Hata kwao kukikucha kuna baridi.

Ndani nimeweka vigae badala ya mchanga. Mchanga unapendeza kwenye picha, lakini akiumeza pamoja na mdudu unaweza kumziba tumbo. Ana maficho matatu: moja upande wa moto, jingine upande wa baridi, na la katikati ni kopo la aiskrimu nililolitoboa mlango na kulitandika karatasi za jikoni zilizoloweshwa. Hilo kopo ndilo ninalolithamini kuliko vyote, kwa sababu ya kujivua ngozi.

Siku hiyo ikikaribia, rangi yake hufifia akawa kama aliyepakwa majivu. Anaingia kwenye kopo, ngozi inalainika, kisha anaanza kuivuta kwa mdomo kutoka kichwani, anaichomoa mguuni mithili ya soksi, na kuila yote. Ukichelewa kuangalia hukuti kitu. Mimi huangalia vidole tu. Ngozi kavu ikibaki kidoleni hujikaza kama uzi, damu haipiti, na kidole hukatika. Nikiona mabaki, namweka kwenye bakuli lenye maji ya vuguvugu yanayomfika vifundoni tu, anakaa humo hadi yalainike, kisha nasugua polepole kwa kijiti cha pamba cha masikio. Sivuti kitu kisichotaka kutoka. Yeye huniangalia kwa dharau, lakini hajawahi kuniuma.

Kuhusu chakula, anakula wadudu hai tu. Matunda na mboga hagusi. Nyenje wanakaa kwenye boksi chini ya ngazi na wakianza kulia usiku baba watoto husema amerudi Muheza, kule Tanga. Tunawalisha karoti siku moja kabla, halafu tunawatikisa kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu na vitamini D3, maana bila hiyo mifupa ya mjusi hulegea na kupinda. Mdudu asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya macho yake. Funza wa unga wanakaa kwenye mlango wa friji, ambako hupoa na hawageuki upesi kuwa mbawakawa. Raha ni kumtazama akiwinda magharibi: ananyata, anasimama, ncha ya mkia inatetemeka kwa kasi, kisha pu! Nyenje waliobaki nawatoa, wasije wakamng'ata akiwa amelala.

Kuna wakati katika majira ya baridi aligoma kula. Mwanangu alilia. Mimi nikatoa mizani ya kupimia unga, nikawa nampima kila wiki na kuandika. Uzito ulikuwa palepale na mkia, ambako ndiko anakohifadhi mafuta, ulibaki mnene. Daktari wa wanyama aliangalia zile namba, akasema majira ya baridi wengi hupunguza kula, tuendelee kumpima, na mkia ukianza kukonda tumrudishe. Alikuja kula mwenyewe.

Mkia huo haushikwi kamwe. Akiogopa anauachia ukakatika, na unaoota baadaye ni mfupi na wa duara, haurudi kama wa kwanza.

Tukienda likizo Tanga, jirani wa upande wa pili ndiye hushika funguo. Namwachia vikopo vya funza nilivyokwisha kuvihesabia na kuviandika siku, maana mkubwa kama huyu hula kila baada ya siku mbili au tatu. Maji abadilishe kila siku. Themostati asiiguse.