Soriasisi: miiko niliyoitupa na mazoea niliyobaki nayo

Ukiwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, Dar es Salaam kila mtu ni daktari wako. Shangazi yangu wa Tandika alinipiga marufuku samaki. Jirani akaongeza mayai, nyanya na nyama ya ng'ombe. Bosi wangu wa eneo la Gerezani, ninakouza vipuri, aliapa ni fangasi, nijisugue kwa sabuni ya magadi. Ningewasikiliza wote ningebaki na ugali na chumvi.

Dokta wa ngozi alinieleza kwamba kinga ya mwili imechachamaa. Seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua kama mwezi mmoja kukomaa na kupukutika, kwangu zinamaliza safari hiyo kwa siku chache, ndipo zinarundikana magamba kwenye viwiko, magoti na kichwani. Ugonjwa huu hauambukizi, na hakuna chakula kinachouponya. Nilipomuuliza habari za samaki akacheka: "Mwambie shangazi akupikie tu." Kisha akaanza yeye kuniuliza: bia? sigara? uzito?

Nikawa naandika nyuma ya daftari la mauzo nilichokula, nilivyolala, na usiku gani niliwashwa. Nyanya haikuwa na kesi yoyote. Mayai vilevile. Bia za wikiendi ndizo zilizojitokeza, pamoja na siku za kuhesabu stoo, tunapokesha na bosi anafoka. Wengine wanaweza kuona tofauti. Hilo ni daftari langu.

Bia nikaacha. Chipsi mayai na soda za usiku nikazipunguza, si kwa sababu ya yai, ila kitambi: dokta alisema mafuta ya tumboni nayo huchochea huko kuchachamaa kwa kinga. Sasa ni dagaa, matembele, maharage, na ugali wa kiasi. Jioni nashuka basi la mwendokasi kituo kimoja kabla, natembea. Kadiri suruali zilivyolegea, magoti nayo yakatulia. Krimu za dokta sikuziacha hata siku moja, maana chakula peke yake kisingetosha.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni dodoki. Kuna siku bati la shelfu lilinichana muundi. Kidonda kilipopona, magamba yakaota palepale, mstari mnyoofu kama umepigwa rula. Kumbe ngozi hii ukiichubua inajibu. Dodoki nikalitupa. Naoga kwa mkono na sabuni isiyo kali, najikausha kwa kugusagusa na kanga iliyochakaa, halafu mafuta ya mgando kabla ngozi haijakauka. Mchana, kwa joto letu hili, yanachanganyika na jasho na kuharibu shati, kwa hiyo napaka ya kutosha usiku. Na zile krimu kali za kung'arisha zinazouzwa mitaani, achana nazo: nyingine zina steroidi, dawa kali ya kutuliza ngozi, na ukiacha ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira.

Kinyozi ndiye aliyeniuma. "Kaka, mashine hii nitawanyolea vipi wengine?" Nilimweleza, hakuelewa. Nimenunua yangu, ananinyoa nayo.

Kwenye vikao vya harusi bado wananisogezea chupa. Nasema niko kwenye dozi. Hapa mjini ukisema hivyo hakuna anayekulazimisha, wanakuletea maji na mchango wako wanaupokea kama kawaida.