Mkaja

Kabla sijazaa, mkaja kwangu ulikuwa ni pesa. Siku waliyokuja kuniposa, wazee walikaa barazani wakataja mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama, na mimi niko ndani na mashoga zangu, masikio mlangoni. Mama alipoletewa bahasha yake aliipokea kwa mikono miwili, akaitia chini ya mto na hakuizungumza tena. Nikaona ni ada tu ya watu wa kale.

Mkaja wenyewe, kitambaa anachofungwa tumbo aliyejifungua, nilikuja kuujua Ole, Pemba, jioni niliyotoka hospitali na mwanangu. Kwetu mimba ya kwanza mtu huzalia kwao, kwa hiyo ilipotimia miezi saba nilimwacha mume wangu Unguja na kazi zake, nikapanda meli kwenda Mkoani. Ulikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandwa kuanzia uwanjani mpaka kando ya barabara, na mama tangu alasiri alikuwa akichambua, karafuu huku, makonyo kule.

Aliingia chumbani na kanga ya kisutu iliyochakaa ikalainika, akaikunja mara tatu kwa urefu. "Vuta pumzi, mwanangu. Iachie. Usinitazame mimi, tazama mlango." Akaipitisha mgongoni, akaanza kuikaza kutoka nyongani kupanda juu, goti lake kaliegemeza kitandani, fundo akalitia ubavuni ili lisimchome mtoto nikimpakata. Vidole vyake vilikuwa vinanukia karafuu. "Tumbo lililotoka mtoto humtafuta," akasema. "Usipolifunga litamtafuta mpaka lini?" Kisha akajishika kiuno chake mwenyewe. "Na wewe ulikaa hapa. Ile bahasha waliyonipa ilikuwa ya hapa."

Chuoni tulihifadhi Suratu Luqman tukiwa wadogo, na aya ya 14 inasema mama kambeba mwanawe udhaifu juu ya udhaifu. Nikiisoma kwa sauti nzuri, nasifiwa, wala sikujua kuwa inazungumzia magoti. Usiku ule nilisimama kwenda chooni, magoti yakakataa, na mama akanishika kwapani akanipeleka kama alivyonipeleka nilipokuwa najifunza kutembea.

Siku arobaini nilitunzwa, Alhamdulillah. Bibi alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Uji wa pilipili manga, supu ya pweza, udi chini ya kitanda. Siku ya saba mtoto akanyolewa, akapewa jina, ikachinjwa akika. Bibi alitaka mtoto apewe maji kwa sababu ya joto, nami nilishaambiwa hospitali kuwa miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama matupu, hata maji hapana. Mama akasimama upande wangu, na bibi akanyamaza.

Watu wa bara wakisema mzazi wanakusudia baba au mama yeyote. Sisi tukisema mzazi, kwanza tunamkusudia huyu aliyelala ndani na arobaini yake haijaisha. Nyumba nzima ilikuwa inaniuliza mimi. Mzazi keshakula? Mzazi kapata usingizi? Msipige kelele, mzazi kalala. Sijawahi kupendwa kwa wazi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Arobaini ikaisha. Mkaja ukafunguliwa, ukafuliwa, ukaanikwa kambani pamoja na nepi. Nikarudi Unguja, na likizo ya miezi 3 ilipokwisha nikarudi skuli kufundisha.

Hapa ndipo nilipobadilika, na hapa ndipo pasipozungumzwa. Tunaambiwa mwanamke huwa mama siku anayojifungua. Mimi nahisi nilikuwa mama siku ambayo hakuna tena aliyeniuliza kama nimekula. Wote wakawa wanasema, "Mtoto hajambo?" Hajambo. Kweli alikuwa hajambo, ananenepa, anacheka. Siku moja nipo ubaoni, darasa la tatu, mwanamke kapita nje ya dirisha na kichanga kinalia. Maziwa yakanitoka, yakalowesha nguo mpaka kwenye baibui. Mwili wangu ulimjibu mtoto wa mtu mwingine kabla mimi mwenyewe sijageuka kutazama. Nilimaliza somo nimekumbatia daftari za wanafunzi kifuani, kisha nikaenda kukamua kwenye stoo ya vitabu, maana pahala pengine hapakuwepo. Nilimwomba mkubwa wangu wa kazi nusu saa ya kwenda kunyonyesha. Akanijibu kuwa wanawake wote wanazaa.

Nikaanza kulia usiku. Si kwa huzuni ninayoweza kuitaja. Nilikuwa namtazama mtoto kalala, mzima, mzuri, nami nahisi kama niko nyuma ya kioo. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje, na watu wanahangaika miaka kutafuta mtoto?

Tulipokwenda chanjo ya wiki ya 14, muuguzi, mtu mzima kidogo, alimdunga mtoto pajani, akamrudisha mikononi mwangu, kisha hakumwita mwenzangu wa nyuma. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, unalala?" Nikashindwa kujibu. Akafunga mlango. Alinieleza kuwa huzuni ya baada ya kuzaa ni maradhi kama homa ni maradhi, kwamba haitazami arobaini, inaweza kumjia mtu hata miezi mingi baadaye, na inatibika. Akanielekeza kwa mwenzake wa kuzungumza naye, nikaenda kila wiki. Na akaniambia nimwambie mume wangu siku ile ile, nisingoje kesho. Nilimwambia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaenda jikoni akanipakulia chakula.

Mama alikuja na meli ya wiki ile. Katika mkoba wake, chini ya mihogo na chupa ya asali, ulikuwemo mkaja. Tumbo langu lilikuwa limesharudi, hapakuwa na haja, lakini sikusema neno. Nilitazama mlango, akanifunga.

Sasa mwanangu ana miezi 14 na anatembea. Mwezi ujao mdogo wangu anajifungua, na mikono ya mama siku hizi ina maumivu ya viungo, haikazi tena kitambaa. Jana nilimpigia simu kumuuliza unaanza kukaza kutoka wapi, na fundo linakaa ubavu upi.

"Wa kushoto," akasema, "kama ananyonyesha sana kwa kulia. Njoo na ule wako, mimi wangu nimeshaugawa." Akanyamaza, nikasikia anavuta pumzi. "Na wewe umwombe mumeo ruhusa ya kukaa. Usije ukaondoka siku ya arobaini."