Modeli yangu ya vali ya spini ilikuwa inatoa sifuri

Nilikuwa naandika modeli ya vali ya spini kwa Python hapa Lubumbashi, umeme ukiruhusu. Kifaa hiki ni filamu iliyobanwa kati ya sumaku mbili: ukinzani wake hubadilika sumaku moja ikigeuzwa, kwa sababu kila elektroni ina spini, yaani usumaku wake mdogo. Nibadilishe joto, nibadilishe volti, ukinzani hautikisiki sumaku moja ikigeuzwa. Na mwaka 2004 watafiti wa Utah walishapima badiliko la takriban 40% kwenye filamu ya Alq3 (kemikali yenye kaboni), kwa kelvini 11, baridi kali sana!

Kaboni sikuishuku, ni atomu nyepesi, spini hudumu ndani yake. Shida ilikuwa mpakani. Kobalti ya sumaku (hii hii inayochimbwa Kolwezi) hupitisha umeme kwa urahisi, Alq3 kwa taabu mno, kwa hiyo spini hupotea ndani ya kobalti kabla ya kuvuka.

Nikaweka katikati tabaka jembamba la oksidi ya alumini, elektroni zipenye kikwanta, yaani zivuke kizuizi bila nishati ya kukiruka. Ishara ikatokea, ila kiduchu. Ukinzani wa tabaka ukiwa mdogo, hausaidii. Ukizidi, elektroni hukawia ndani hadi spini inageuka. Tena filamu lazima iwe nyembamba kuliko umbali ambao spini husafiri, ambao wale wa Utah walikadiria nanomita 45. Nikashusha yangu hadi 20, ukinzani wa tabaka nikaulinganisha na wa Alq3, mchoro ukapanda.

Lakini filamu ya Utah ilikuwa na nanomita 130, nene kuliko umbali huo wa 45. Kobalti huweza kuzama kwenye filamu laini inapowekwa juu yake, ikabaki nyembamba kuliko inavyopimwa, ndiyo maana mabishano kama spini zilivuka kweli hayajaisha.